Rangi ya Fedha Kwenye Mashine ya Kuchomelea

Karakana ya Kijiji,
Karibu na Ulemo, Iramba.

Kwako mke wangu, Mama Atupele,

Najua umempokea dereva, ukamkaribisha kiti, kisha ukatazama nyuma yake mlangoni. Usitazame tena. Sipo. Amekuja peke yake, na barua hii ndiyo iliyokaa mahali nilipopaswa kukaa mimi.

Kwanza nijulishe kama kifua cha mama kimetulia, kama kahawa mmeiwahi kabla ya ukungu, na kama wewe mwenyewe unapata usingizi katika pilika za arusi. Mpigie mama magoti kwa niaba yangu, umpe shikamoo yangu, umwambie mwanawe ni mzima. Upepo wa huku umenipasua midomo na vumbi limehamia masikioni, lakini mwili ni mzima.

Naandika juu ya meza ya karakana. Dereva anaziba pancha pale nje, amesema hataondoka kabla sijamaliza. Ni mtu mwema, mpe ndizi za kutosha. Jumamosi Atupele anaolewa na baba yake hatakuwapo. Nataka uijue sababu kutoka kwangu, tangu mwanzo, kabla hujaisikia kwa wale wanaosema kila siku kwamba Baba Atupele anaipenda mikutano kuliko nyumba yake.

Mpango ulikuwa mzuri, wewe mwenyewe unaujua. Mkubwa wangu wa kazi alisema ruhusa yangu ipo siku jukwaa la tangi la maji litakaposimama. Tangi lenyewe lililetwa kijijini kabla sijafika, likalazwa chini kama ng'ombe aliyevunjika mguu, kuku wakataga ndani yake. Wanawake wa hapa wanateka maji kwenye mashimo ya mchangani, kule kwenye mto usio na maji. Wanachimba kwa kibuyu, wanangoja, wanachota matope. Mimi niliyekulia mahali ambapo mvua hatuiombi, ila tunaiomba ikatike, sikuwahi kudhani mtu anaweza kukaa ameinama juu ya shimo akingoja maji yamwonee huruma. Basi nikaapa: jukwaa nitalisimamisha, nitapanda lori la Itigi, nitapita Rungwa, nitashuka Mbeya, nami nitakuwa nyumbani siku kadhaa kabla ya arusi, nimenyoa, nimefua shati.

Vyuma vya miguu ya jukwaa havikuwapo. Tuliambiwa vitakuja. Kila kitu katika nchi hii kitakuja. Mimi sikungoja. Nilipanda trekta la kijiji na vijana wanne tukashuka mteremko wa Sekenke mpaka kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Mke wangu, ungepaona pale. Mashimo yamebaki wazi kama midomo ya watu waliokufa wakiwa wanadai. Waliochimba kwa jembe na moto walikuwa babu za watu wa huku, waliokwenda na dhahabu wakawa wengine, na walichotuachia ni mabomba yenye kutu. Niliwaambia vijana, haya nayo tunayachukua, na safari hii yatabeba maji yetu. Wakacheka, wakasema Mnyakyusa ameanza hotuba hata kwa mabomba. Ndivyo wanavyoniita hapa, Mnyakyusa. Jina langu hakuna anayelijua, isipokuwa karani wa mishahara.

Tulikaa kule tukikata na kupakia kwa siku kadhaa. Na huku nyuma kijijini ikaja habari kwamba ofisa atapita kutazama maendeleo. Unajua mambo haya yanavyokwenda, hata kwetu yapo. Ofisa akija hatuonyeshi tunavyoishi, tunaonyesha tulivyojipanga. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Shule ikafagiliwa mpaka udongo ukaisha. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kiula, akamwita mlinzi wa karakana, mtu mmoja anayeitwa Msengi, akamkabidhi makopo mawili ya rangi. Akamwambia, mashine hii ni mali ya taifa, haiwezi kupokea mgeni ikiwa imechakaa namna hii. Ipendeze.

Msengi akaipendezesha. Alikuwa mtu wa kujenga tembe, anajua kukandika ukuta usiachwe na ufa hata mmoja, na alivyokandika kuta ndivyo alivyoipaka mashine. Bodi yake akaipaka kijani. Nyaya akazifungua ili asizichafue, akazikunja vizuri. Kisha kila mahali palipokuwa na chuma kitupu, vichwa vya shaba vinapofungwa nyaya, meno ya kibano, na hata uso wa meza yangu ya kuchomelea, akapaka rangi ya fedha, ile ya kupaka mabomba ya maji, ili pang'ae kama chuma kipya. Ilipokauka akafunga nyaya mahali pake, akakaza kwa spana. Ofisa akaja, akaisifu, akaondoka.

Mimi nikarudi na mabomba yangu. Nikaiona mashine inang'aa, nikasema moyoni, leo angalau kuna mtu ameifuta. Sikujua kama ile ni rangi. Chuma kilichosuguliwa na chuma kilichopakwa rangi ile havina tofauti kwa macho, wala sikuwa nimeambiwa. Nikawasha injini. Ikaunguruma vizuri kabisa, moshi safi, hakuna mtikisiko. Nikavaa miwani, nikashika kijiti cha kuchomelea, nikagusa bomba.

Kimya. Hakuna hata cheche. Nikagonga tena, nikakwaruza kama unavyokwaruza kiberiti, kijiti kikawa kama fimbo tu mkononi. Injini inaunguruma, na mbele ya injini hakuna kitu.

Nimechomelea miaka mingi, Mama Atupele, tangu nilipokwenda kwenye migodi ya shaba kule kusini nikiwa kijana na ndevu hazijaota. Najua pa kuanzia. Nikabadilisha kijiti, nikadhani kimekula unyevu. Hakuna. Nikaukunja waya mkubwa pande kwa pande kutafuta palipokatikia ndani. Mzima. Nikautazama waya wa pili, ule unaobanwa kwenye chuma ili umeme upate njia ya kurudi. Umekazwa vizuri. Nikachukua balbu ya taa ya trekta, nikaigusisha kwenye vichwa vile vya mashine, nikiwa na maana kwamba ikiwaka, tatizo liko kwenye nyaya, na isipowaka, tatizo liko ndani ya tumbo la mashine. Haikuwaka. Basi nikaamini ni tumbo, na hapo ndipo siku zangu zilipoliwa.

Nikaifungua mashine yote. Nikatoa makaa yake, yale yanayosugua sehemu inayozunguka, nikayasafisha, nikayarudisha. Nikafuata kila uzi wa shaba kwa kidole. Nikafunga, nikawasha, hakuna. Nikafungua tena. Watu wakawa wanakuja kutazama kama wanavyomtazama mganga ambaye mashetani yake yamekataa kupanda. Wazee wakasimama na fimbo zao, wakatema mate pembeni kwa adabu. Mama mmoja anayetoka kuteka maji akaweka ndoo chini akaniuliza kama mashine inaugua kwa sababu hailishwi ndizi. Wakacheka wote, nami nikacheka, maana alisema vizuri. Lakini ndoo yake ilikuwa na matope, na nilipoiona kicheko kikaniishia.

Mzee Kiula hakucheka. Alikuja akasimama juu ya kichwa changu nikiwa nimelala chini ya mashine, akasema huenda moyo wangu umeshaondoka kwenda kwenye arusi na umeiacha mikono hapa peke yake. Akasema mgeni akiharakisha kurudi kwao huwa haoni vizuri. Nikamjibu kwamba mimi si mgeni, mimi ni mfanyakazi wa nchi hii, na kwamba ujamaa hauna kwao wala kwetu. Akasema sawa, lakini mashine haiwaki. Ukweli ni kwamba katika jibu hilo alinishinda, na mimi sijazoea kushindwa.

Ilipatikana hivi. Nilikuwa nakaza nati ya kichwa kimoja, waya mmoja wa balbu umebanwa chini ya nati ya kichwa cha upande wa pili mpaka umeuma shaba, waya mwingine unaning'inia, injini inazunguka. Spana ikateleza. Ikakwaruza shaba, na waya wa balbu ukaangukia ule mkwaruzo. Taa ikawaka. Ikawaka kabisa, nyeupe, mchana kweupe. Nikauinua waya, ikazima. Nikarudisha ikawaka. Nikachukua kisu nikakwaruza kando kidogo, na kile nilichodhani ni chuma kikatoka kama ganda la yai, na chini yake ndiyo shaba yenyewe, nyekundu.

Nilikaa chini. Mashine ilikuwa nzima siku zote hizo. Umeme ulikuwa unazaliwa humo ndani, unakuja mpaka mlangoni, unakuta mlango umepakwa rangi nzuri, unarudi. Mke wangu, nimesoma vitabu vya uchumi, nimesoma magazeti mpaka yale ya kufungia sukari, nimebishana na makatibu na maaskofu, lakini sijapata kuona nchi yangu imeelezwa vizuri kama ilivyoelezwa na kichwa kile cha shaba.

Nikachukua msasa nikasugua kila palipopaswa kuwa uchi. Vichwa, meno ya kibano, meza. Nikagusa bomba. Moto ukalia, ule mlio wa mafuta ya kukaangia unaoujua. Mwenye ndoo alikuwa anapita, akapiga kigelegele bila kujua kwa nini. Nikachomelea mpaka macho yakawa kama yamejaa mchanga. Msengi alinishikia mabomba kazi yote, na ndipo aliponisimulia habari ya makopo ya Mzee Kiula. Jukwaa limesimama, Mama Atupele. Tangi limepanda juu kwa kamba na mabega ya kijiji kizima. Limebaki kuwekewa ngazi tu, kazi ndogo ambayo hata ningeiacha wangepanda kwa mti.

Lori lilikuwa lifike leo asubuhi, na lilifika. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimemnunulia Atupele kitenge pale Kiomboi, dereva atakupa, kimefungwa ndani ya shati langu.

Lakini leo asubuhi ofisa naye alikuja. Yule yule aliyeisifu mashine. Alikuwa amesikia kazi ilichelewa, na kuchelewa katika siku hizi si kuchelewa tu, kuna neno lake, linaitwa hujuma, na likishatamkwa lazima apatikane mtu wa kulivaa. Tukaitwa wote mbele ya ofisi ya kijiji. Akauliza nani aliyeharibu mashine. Mzee Kiula akasema ni Msengi. Akasema Msengi alichukua rangi akapaka kwa akili yake mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Nikamtazama Msengi. Alikuwa anatazama viatu vya ofisa.  Ofisa akawaambia mgambo wawili wampakie garini.

Mzee Kiula alikuwa amesimama karibu nami. Usimfikirie kama mtu mbaya. Ni huyu aliyenipa maziwa ya mgando nilipokuwa na homa, na mkewe ndiye aliyenifundisha kula mlenda bila kuuchukia. Anaogopa tu, kama wengi wanavyoogopa. Akaninong'oneza bila kugeuza uso.

"Mnyakyusa, lori lako lile pale. Nyamaza, nenda ukaoze binti."

Na mimi ningeweza. Nataka ujue kwamba nilifikiri. Nilimwona Atupele, nilikuona wewe, niliona kiti changu. Niliona hata ukungu wa asubuhi wa kwetu. Hatua chache tu na ningekuwa juu ya magunia ya vitunguu, na hakuna ambaye angenilaumu, maana hakuna aliyetarajia mgeni aseme. Kisha nikamwona Msengi anainua mguu kupanda gari, na mikono yake bado ina vidoadoa vya rangi ya fedha.

Nikasema. Nilisema bila kelele, na hilo dereva atakuthibitishia, alikuwapo. Nikasema Msengi alitumwa, na aliyemtuma ni Mwenyekiti, na Mwenyekiti alifanya hivyo kwa sababu ofisa alikuwa anakuja. Nikasema, "Rangi ile ilipakwa kwa ajili ya macho yako, ndugu. Kama ni hujuma, basi tuwapakie garini wote walioipenda."

Watu wakainama. Wengine walikuwa wanaficha kicheko, wengine hofu, kwa mbali havitofautiani. Ofisa akaniuliza kama namtuhumu. Nikamwambia namweleza tu umeme unavyosafiri. Hapo, nakiri, ningeweza kuishia neno moja nyuma. Wewe ungenivuta shati. Lakini hukuwapo wa kunivuta, nami nikaongeza kwamba wakubwa wangekuja bila kutangaza wangekuta mashine chafu na maji safi.

Ofisa akafikiri kidogo. Akasema Msengi ashuke. Akasema mambo haya ni makubwa kuliko alivyodhani, yanahitaji uchunguzi, na shahidi mkuu ni mimi. Kwa hiyo ruhusa yangu imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na nisitoke kijijini. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha kwake. Uchunguzi utaanza lini, nikauliza. Akasema utaanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilishinda, na nimebaki.

Nilidhani angalau kuna mtu atakuja kukaa nami. Hawakuja. Kila mmoja amekumbuka mbuzi wake. Mzee Kiula amepita mbali, amezunguka nyuma ya ghala asipite mlangoni pangu. Sikasiriki naye. Lakini hujui ukimya wa huku, Mama Atupele. Kwetu hata mtu akikuchukia unasikia watoto wake, migomba inasugua, mvua inasema na bati. Hapa mtu akikuepuka kunabaki upepo tu, na upepo wa Iramba hauna habari ya kukupa. Redio imekufa betri tangu mwezi uliopita. Vitabu vyangu nimevisoma mpaka najua watakachosema kabla hawajasema. Jioni wenyeji wanazungumza Kinyiramba majumbani mwao, nami nasikia vicheko kupitia ukutani, sijui wanacheka nini. Mtu asiye na wa kubishana naye anaanza kubishana na sufuria. Nimefika huko.

Aliyekuja ni Msengi. Amekuja muda mfupi uliopita, wakati nimeshaanza ukurasa wa kwanza wa barua hii. Nilidhani amekuja kushukuru, nami nilikuwa nimeandaa la kumwambia, kwamba haki haishukuriwi. Hakushukuru. Alisimama mlangoni, akatazama lori, akatazama mzigo wangu uliofungwa.

Akasema, "Ungekwenda tu, Mnyakyusa. Mimi wangeniweka ndani siku mbili tatu, wangenipiga kidogo, ningerudi. Kila mwaka yupo mmoja anayewekwa. Lakini arusi ya binti hairudi."

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia kwamba huko ndiko kufikiri kunakotuweka chini, kwamba kama kila mwaka yupo mmoja basi mwaka huu asiwepo. Nikamwambia mengi. Akasikiliza yote mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akaniuliza binti yangu anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili ili alishike, akaenda zake.

Mke wangu, alipoondoka niliiweka kalamu chini, kisha nikaiokota tena. Nilikuwa sahihi. Bado naamini nilikuwa sahihi, na akija mtu wa kunibishia nitambishia mpaka kuche. Lakini yule mtu hakunibishia. Alinihurumia, na huruma sina pa kuishikia.

Sasa sikiliza mambo ya Jumamosi. Atakayesimama mahali pangu ni mdogo wangu, Ambakisye. Najua unavyoshangaa. Najua hatujazungumza tangu aliposema mbele ya ukoo kwamba ujamaa wangu ni kugawa mashamba ya watu wengine, nami nikamwita kibaraka wa mabwana wa chai. Hayo hatujayamaliza na wala sijayafuta. Lakini hakuna mwingine mwenye damu ya baba yetu, na Atupele hatatolewa na jirani. Mwendee wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwambie kaka yake anamwomba. Litamke hivyo hivyo, anamwomba, usilipunguze. Akikataa, mwambie hata mimi ningekataa, kisha ukae usiondoke mpaka akubali. Kiti changu akikalie. Mchungaji akiuliza nani anamtoa binti huyu, aitike. Wakwe wakitaka maneno, aseme machache. Hotuba zote za ukoo huu nimeshazitumia mimi.

Atupele mwambie hivi: baba hakusahau siku, hakukosa gari, wala hakukosa nguo. Alikuwa na mguu mmoja garini. Asiambiwe kwamba kazi ilinizuia, maana kazi iliisha. Mwambie ukweli, mdomo wa baba yako ulifunguka, na hakuweza kuufunga wakati mtu anapelekwa. Akilia, mwache alie. Akikasirika nitafurahi zaidi, nitajua ni wangu.

Wasalimie wote. Mjomba wake bibi arusi, aliyeahidi kupiga ngoma, asinywe kabla ya kupiga. Shangazi yetu wa Kiwira apewe kiti cha mbele kwa sababu haoni vizuri, wala asiseme haoni. Mwalimu wa shule, rafiki yangu, mwambie gazeti lolote atakalolimaliza anitumie, hata la zamani, hata lililochanika. Mama mpe shikamoo nyingine, ya pili, kwa ajili ya Jumamosi yenyewe.

Dereva anapiga honi. Ameshafunga gurudumu.

Jumamosi mimi nitakuwa juu ya jukwaa nachomelea ngazi. Saa ya kanisani ikifika nitashuka niizime injini. Kutoka hapa hakuna nitakachosikia, najua. Lakini haitakuwa vizuri Atupele anasema ndiyo, na mahali fulani baba yake anapiga kelele.

Mume wako akupendaye, aliye mbali bila kutaka,

Baba Atupele